Kanisa Lililohama

Sehemu ya tisa

Kidole cha Hallgeir kiko pale pale tulipokiacha Jumamosi iliyopita, msomaji wangu: kwenye kifyatulio cha bastola. Na mtu aliyekuja akipiga makasia kutoka pwani ameinua uso wake, na uso huo ni wa Ingvald, mdogo wake, ambaye Hallgeir alimzika kwa mikono yake miwili.

"Weka chini hicho kitu, kaka," mtu yule alisema. Meno yake yalikuwa yanagongana. "Wewe umeshakufa. Usije ukaniua na mimi."

"Mimi nimekufa?" Hallgeir alifoka. "Wewe ndiye uliyekufa! Ulizama msimu wa samaki. Nilikuopoa mwenyewe. Nilikuvisha suti ya baba nikakuzika."

Ingvald alitikisa kichwa polepole.

"Nilikuopoa mimi. Nilikuvisha mimi. Suti hiyo hiyo. Ilikubana mabegani."

Maji yalipiga ubavu wa boti. Kisha kichwa chenye masizi kikachomoza kwenye tundu la chumba cha injini. Alikuwa Oddmund, fundi.

"Mkimaliza kuzikana," alisema, "mniambie kama niiache injini inaunguruma. Mafuta yaliyobaki yanaenea kwenye kofia yangu, na kofia yenyewe imetoboka."

Hakuna aliyecheka. Mabaharia wa boti hiyo, Solrenning, walikuwa wameacha kucheka tangu walipozitupa maiti za wenzao wawili baharini, zimefungwa ndani ya tanga.

Waliondoka visiwa vya Shetland boti ikiwa imebeba silaha za wapiganaji wa siri wa Norway, nchi yao iliyotekwa na Wajerumani. Kwa nje ilikuwa boti ya uvuvi. Ndani ya mapipa ya mafuta ya samaki palijificha bunduki ya rasharasha. Katikati ya safari ukungu wa kijani uliwameza. Ulipowatema, milima ilikuwa ile ile, visiwa vile vile, lakini hapakuwa na Mjerumani hata mmoja. Palikuwa na Taji.

Taji lilitawala pwani yote ya upande huu. Meli zake za chuma hazikuelea majini. Zilining'inia angani bila mabawa, kama mapaja ya kondoo yanavyoning'inizwa darini yakauke. Na huu ulikuwa mwezi wa Juni, ambapo kaskazini kule jua halizami, giza la kujificha halipo. Mkate ulikuwa umekwisha. Walikuwa wanatafuna samaki mkavu, na maji ya kumtelemshia yalikuwa ya kugawiana kwa kifuniko cha birika.

"Mjaribu, nahodha," alisema Kasper, mshika bunduki, mtu wa kijiji kimoja na Hallgeir. "Muulize jambo la nyumbani."

Hallgeir aliinamia ukingo wa boti.

"Mama alikuwa anatuambia nini mlangoni, kila tulipotoka kwenda baharini?"

Ingvald alimwangalia kama mtu asiyeelewa swali.

"Mama? Mama alikufa akinizaa mimi."

"Muongo!" Kasper aliruka. "Mama yao alinikaangia viazi kabla sijaondoka kuja vitani! Mpige, nahodha!"

Lakini Ingvald hakumsikia Kasper. Makasia yalikuwa yamemponyoka mikononi.

"Yu hai?" alinong'ona. "Huko kwenu, mama yu hai? Yukoje?"

Muongo angeweza kujifunza mengi, ila si kuuliza vile. Bastola ikashuka.

"Ana sauti kubwa," Hallgeir alisema. "Na hapendi mtu abakize viazi kwenye sahani."

Ingvald alijifuta uso kwa mkono wa sweta. Kisha akaanza kuongea haraka haraka.

"Nisikilizeni. Sikuja kulia hapa. Wavuvi walisema wameiona boti yenye injini ya kelele na nahodha mwenye uso wa marehemu kaka yangu. Nimewatafuta siku nyingi. Ukungu wenu umerudi! Umesimama nje ya miamba ya Skarvholmen tangu asubuhi, kijani kama maji ya kabichi. Mara ya kwanza ulikaa mpaka maji yakapwa kabisa, ukapotea. Na maji yameanza kupwa."

"Nani mwingine ameuona?" Hallgeir aliuliza.

"Taji. Meli yao iko njiani."

Hapo, msomaji, ndipo mambo yote yalipokaza kama fundo. Ukungu ule ndio ulikuwa mlango pekee wa kurudi kwao. Wakiukosa, mafuta hayapo ya kuungoja mwingine.

Kasper alimshika Ingvald ukosi wa sweta ili amvute juu ya sitaha. Sweta likanyanyuka. Kifuani, juu ya shati, iling'aa beji ya shaba yenye taji.

"Ahaa!" Kasper alipiga kelele. "Tazameni! Huyu ni mtu wao!"

"Mimi ni rubani wa kuongoza meli," Ingvald alisema. "Kila rubani wa pwani hii anaivaa. Asiyeivaa hatii mguu kwenye boti."

"Unawaongozea meli zao?"

"Naongoza za wavuvi, na zao nikilazimishwa. Nanyi mtaniachia usukani sasa, au tutabaki hapa tukitazamana?"

Hallgeir aliitazama beji. Aliutazama uso. Uso ulikuwa wa Ingvald, lakini mtu huyu hakuwahi kula chakula cha mama yake. Alikuwa nani, basi?

"Mfunge kwenye mlingoti," aliamuru. Sauti yake haikusikika kama yake. "Usukani nashika mwenyewe. Njia ya kutokea hapa naijua tangu utotoni."

"Kaka, usifanye hivyo!"

"Usiniite kaka."

Kabla ya kung'oa nanga walivua kofia, kama wavuvi wa kwao wanavyofanya siku zote, hata vitani. Hallgeir aliomba kwa sauti: "Kwa jina la Yesu. Bwana, tufikishe nyumbani." Wote wakasema amina. Ingvald, mikono nyuma ya mlingoti, alisema amina pia, na Kasper akamkazia macho kana kwamba ameiba kitu.

Tung! Tung! Tung! Injini ikaanza kupiga, na Solrenning ikaelekea miamba, ikiivuta mashua ya Ingvald nyuma yake.

Sasa, wavuvi wa pwani ile hawatoki bandarini kwa ramani. Wanatoka kwa alama, na alama hizo baba humpa mwanawe kwa mdomo, wala hazitajwi mbele ya mgeni. Baba yake Hallgeir alimpa yake kwa namna hii: geuka utazame nyuma. Utauona mlima wa Kjerringa, maana yake Bikizee, kwa sababu una pengo juu. Weka mnara wa kanisa chini ya pengo, ukae pale kama jino lililorudi mahali pake. Nenda hivyo mpaka usikie mawimbi makubwa. Mbele usitazame. Mbele kuna maji tu, na maji yote yanafanana.

Hallgeir aligeuka. Pwani ilikuwa na utusitusi, mashamba hayaonekani, lakini Bikizee alikuwa juu, na pengo lake. Mnara mweupe wa kanisa ulikuwa chini. Aliuzungusha usukani kidogo, na mnara ukateleza, ukateleza, ukakaa sawasawa kwenye pengo.

Moyo wake ukatulia kwa mara ya kwanza tangu waingie upande huu. Kumbe kilikuwapo kitu kimoja ambacho hakikubadilika.

"Kushoto!" Ingvald alipiga kelele mlingotini. "Kaka, kata kushoto! Kushoto sana!"

Hallgeir alitazama nyuma. Mnara chini ya pengo. Sawasawa.

"Anataka kutupandisha mwambani," Kasper alisema.

"Mwamba uko mbele yenu! Kushoto, kwa jina la Mungu!"

Shati lilimganda Hallgeir mgongoni. Mnara chini ya pengo. Baba yake hakumdanganya hata siku moja. Na huyu mtu alikuwa na beji ya shaba kifuani.

Alishika usukani vile vile.

Mlio ulitoka chini kabisa ya boti, kama mbao zinazopasuliwa na mikono ya jitu. Kasper alianguka kifudifudi. Birika likaruka. Solrenning ikapanda mwamba, ikalala ubavu, ikatulia.

Oddmund alitoka chini akiwa ameshika paji la uso, damu ikichuruzika kati ya vidole.

"Tumefika?" aliuliza.

Hallgeir alikuwa bado ametazama nyuma, kwenye mnara.

"Liko sawa," alisema. "Kanisa liko chini ya pengo. Liko sawa!"

"Kanisa liliungua!" Ingvald alisema, na sasa alikuwa analia kwa hasira. "Radi ililipiga nikiwa mtoto. Wakajenga jingine ng'ambo ya kijito. Mlima haukuhama, Hallgeir. Kanisa lilihama."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilisema kushoto! Ningejuaje kwamba kwenu halikuungua?"

Alikuwa ameiamini alama ya baba yake kuliko sauti ya ndugu yake, na alama ilikuwa ya dunia nyingine. Maji yalikuwa yanazidi kushuka. Mwani wa kahawia ulianza kuonekana pande zote za boti, ukimeta. Muda mfupi tu, na wangekuwa juu kama jungu mekoni.

Ndipo waliposikia mvumo. Kusini, juu ya visiwa, doa jeusi lilikuwa limening'inia angani, nalo lilikuwa linakua.

Hallgeir alichomoa kisu. Kasper alidhani anakwenda kuua. Lakini nahodha alikata kamba za mlingoti, akampigia magoti mtu wa beji ya shaba, mbele ya watu wake wote.

"Nisamehe."

"Utaniomba msamaha baadaye," Ingvald alisema akisugua vifundo vya mikono. "Nipe nanga ndogo. Niipeleke nyuma, kwenye kina, mjivute kwa winchi, ile mashine ya kuvutia nyavu. Upesi!"

Walimshushia nanga kwenye mashua yake. Alipiga makasia kuelekea maji ya kina, kamba ikifunguka nyuma yake. Kasper aliingiza risasi kwenye bunduki ya rasharasha, akamlenga mgongoni.

"Akikimbia, nahodha?"

"Akikimbia tumekufa, umpige usimpige. Acha bunduki hiyo uje utupe mizigo!"

Masanduku ya silaha yalikwenda baharini. Minyororo ilikwenda. Jiko la chuma lilikwenda. Kasper alishika birika la kahawa.

"Hilo hapana!" Oddmund alilia. "Nitupeni mimi kwanza!"

Kule nyuma, Ingvald aliinua nanga kwa mikono miwili, akaiachia. Maji yakaruka. Alipunga kofia. Hakukimbia.

"Vuta!" Hallgeir aliamuru.

Mkanda wa injini ulishika winchi. Kamba ikakaza, ikatoa maji kama nguo inayokamuliwa. Boti ililia. Haikusogea. Watu wote wakakimbilia ubavu mmoja, kisha wa pili, wakiitikisa. Haikusogea.

Kisha mwanga ukawafikia.

Ulikuwa wa buluu, mwembamba, ukitoka tumboni mwa meli ya angani. Unawakumbuka wavuvi wale wa sehemu ya tano, ambao boti yao ilizimika katikati ya bahari? Ni mwanga huu. Kila chenye umeme kinakufa chini yake. Redio ya Solrenning ilifuka moshi. Taa zikapasuka. Sindano ya dira ikazunguka kama kuku aliyekatwa kichwa.

Hallgeir alifumba macho, akisubiri injini inyamaze.

Tung! Tung! Tung!

"Inakwenda!" Kasper alipiga kelele. "Oddmund, inakwendaje?"

"Haina waya hata mmoja!" Oddmund alijibu kutoka chini. "Naipasha kichwa chake cha chuma kwa moto, basi, inapiga! Haina akili ya kutosha kufa!"

Boti ikatetemeka. Ikateleza kidogo. Ikateleza tena. Kisha Solrenning ikatoka mwambani kwa kishindo, ikakaa juu ya maji, inavuja lakini inaelea.

Hallgeir alikata kamba ya nanga. Mbele, nje ya miamba, ukungu wa kijani ulikuwa umeanza kuchanika pembeni. Kati yao na ukungu palikuwa na njia moja tu, nyembamba, na hakuna aliyeijua isipokuwa mtu mmoja.

"Panda!" alimwita Ingvald. "Panda utuongoze!"

Ingvald hakupanda. Alikuwa anatazama ukungu, kisha meli ya angani, kisha mwamba mmoja mweusi uliokuwa umechomoza upande wa pwani.

"Kanisa jipya halionyeshi njia hii, na hakuna muda wa kuipapasa kwa mkono. Unahitaji alama," alisema. "Mstari wa kanisa la zamani unapita juu ya mwamba ule. Nitasimama pale. Niweke mimi chini ya pengo, uende."

"Wewe panda! Tutakisia!"

"Ulikisia mara moja tayari. Nikipanda, nani atakuwa kanisa?"

"Watakuua, Ingvald!"

"Umeshanizika mara moja, kaka. Umezoea." Alijaribu kutabasamu, ikashindikana. "Msalimie mama."

"Nimwambie nini?"

Ingvald alifikiri, makasia yakiwa yameshaingia majini.

"Mwambie ningemaliza viazi."

Akageuza mashua. Hallgeir alitaka kumrukia. Kasper, yule yule Kasper, alimshika mkono.

"Nahodha," alisema kwa upole. "Tuko hapa na sisi."

Ingvald alifika mwambani. Alipanda juu yake, amevaa koti la mpira la manjano alilolitoa mashuani, akasimama wima, akainua kasia moja juu ya kichwa. Kwa mbali alionekana kweli kama mnara.

Hallgeir alishika usukani, akageuka nyuma. Alizungusha mpaka mtu wa manjano akateleza, akateleza, akakaa chini ya pengo la Bikizee.

"Mwendo wote!" alisema.

Fikiria, msomaji wangu. Asingeweza kufumba macho. Asingeweza kuyaondoa. Kila mtu mwingine kwenye boti ile aliweza kutazama mbele, kwenye wokovu wake. Nahodha peke yake alilazimika kumtazama ndugu yake akizidi kuwa mdogo, na kila alipotaka kugeuza boti, mkono wake ulilazimika kuinyoosha.

Miamba ilipita kushoto na kulia, karibu kiasi cha kuguswa. Hakuna uliowagusa.

Meli ya angani iliiacha boti isiyotaka kuzimika, ikarudi kuelekea mwambani. Mwanga wa buluu ukamwangukia mtu wa manjano. Kasia halikushuka. Kisha mwanga mwingine, mweupe, ukawaka mara moja, na mlio ukafuata juu ya maji.

Moshi ulifunika mwamba.

"Unamwona?" Kasper aliuliza. "Nahodha, bado unamwona?"

Ukungu wa kijani ulikuwa umewafunga, baridi kama shuka mbichi.

Ndani mle hapakuwa na juu wala chini. Watu walivua kofia bila kuambiwa. "Tuombee tufike nyumbani, nahodha," Oddmund alisema. Na mdomo wa Hallgeir ukasema maneno hayo: Bwana, tufikishe nyumbani. Wote waliyasikia.

Lakini moyo wake haukusema hivyo. Moyo wake ulikuwa bado umetazama nyuma, nao ulilia hivi: Bwana, nipe mahali ambapo ndugu yangu hakufa. Popote. Nipe tu.

Mtu anaweza kuwaficha mabaharia wake sala yake. Yule anayesikiliza hafichwi.

Ukungu ukapasuka. Jua! Maji ya buluu! Kasper alipiga magoti. Oddmund alilibusu birika.

"Nyumbani!" walilia. "Tumefika nyumbani!"

"Subirini," Hallgeir alisema.

Aligeuka nyuma, kama alivyofundishwa. Bikizee alikuwapo. Pengo lilikuwapo. Alitafuta mnara mweupe mahali pa zamani. Hapakuwa na kitu. Alitafuta ng'ambo ya kijito. Hapakuwa na kitu.

Hapakuwa na kanisa popote.

"Nahodha," Kasper alisema, na furaha yote ilikuwa imemtoka usoni. "Mashua."

Ilikuwa inakuja kutoka pwani. Watu wawili walikuwa wanapiga makasia, wamewapa mgongo, kwa pigo moja, kama watu waliopiga makasia pamoja tangu utotoni. Mmoja alikuwa na koti la manjano. Alisimamisha kasia lake, akageuka. Alikuwa Ingvald, mzima, mnene kidogo, hana hata alama ya baridi usoni.

Kisha wa pili akageuka, bunduki mkononi, akailenga Solrenning. Hallgeir alimtazama machoni, na macho yaliyomtazama, kama kwenye kioo, yalikuwa yake mwenyewe.